Tiba ya Mazungumzo na Muda Wake

Tiba ya mazungumzo ni matibabu ya sonona, hofu iliyopita kiasi, kiwewe, ulevi na matatizo mengine ya akili, yanayofanyika kwa vikao vilivyopangwa kati ya mtaalamu aliyefunzwa na mgonjwa mmoja, au kikundi cha watu wenye shida inayofanana. Kinachotibu ni mazungumzo yenye utaratibu, mazoezi yanayofanywa nyumbani kati ya kikao na kikao, na kuaminiana kunakojengeka polepole baina ya pande mbili. Kwa kuwa hakuna kidonge wala kipimo cha damu, swali la kwanza la mgonjwa na la ndugu zake huwa lile lile: atapona lini, na itajulikanaje kwamba anapona?

Jijini Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka mlima Meru swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu huduma yenyewe ni haba. Mtu anayetoka Ngarenanyuki, Oldonyosambu au Nkoaranga hufika mjini kwa nauli aliyoidunduliza, amepoteza siku ya shamba au ya soko, na mara nyingi amekwisha kupita kwa mganga, kwa mchungaji au shekhe, na katika zahanati alikopewa dawa za kichwa na za tumbo. Anapofika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, au kwa mshauri nasaha wa kanisa au wa shirika, hana nafasi kubwa ya kujaribu tena na tena. Mgonjwa huyo anastahili kuambiwa mambo mawili mapema. La kwanza ni kwamba nafuu huhesabiwa kwa wiki na miezi. La pili husahauliwa zaidi: subira anayoombwa iwe na tarehe. Tiba inayomtaka avumilie bila kumwambia lini watakaa pamoja kupima kama imemsaidia haijamtendea haki.

Matarajio ya kikao cha kwanza huletwa kutoka kwingine. Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku tatu, na homa hushuka. Shauri la mpaka wa shamba au la ndoa, miongoni mwa Wameru na Waarusha, hupelekwa kwa wazee. Wazee husikiliza pande zote, hushauriana, kisha hutoa uamuzi, na watu huondoka wakijua nani alipe nini. Mtu aliyezoea baraza la namna hiyo huingia katika chumba cha ushauri akisubiri kuambiwa la kufanya. Akikuta anaulizwa maswali, anatakiwa akumbuke jinsi siku zake zilivyokwenda, kisha anaambiwa arudi wiki ijayo, huona hajatibiwa. Hana kosa kuona hivyo. Kosa ni la aliyemketisha bila kumweleza kazi ya kikao ni nini na kwa nini ushauri wa haraka haumfai mtu ambaye ndugu na majirani wamekwisha kumpa ushauri wa kila aina.

Mwaka 2011 mkoa wa Arusha ulionyesha jinsi hamu ya tiba ya mara moja ilivyo kubwa. Maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikaenea kilomita nyingi nje ya kijiji. Ni rahisi kuwadharau watu hao, na si haki. Wengi walikuwa wamechoshwa na maradhi ya muda mrefu yanayodai kliniki isiyokwisha, na kikombe kimoja kiliwapa kitu ambacho kadi ya kliniki haikuwapa: mwisho unaojulikana. Jambo hili linawahusu moja kwa moja wanaotoa tiba ya mazungumzo. Wagonjwa wengi huweza kuvumilia njia ndefu wakiambiwa urefu wake. Kinachowavunja moyo ni kuambiwa tu "njoo wiki ijayo", wiki baada ya wiki.

Wapo pia wanaokuja na matarajio ya upande wa pili, kwamba ugonjwa wa akili hauna dawa, na kwamba mtu aliyefika kliniki ya akili ndiyo basi tena. Hawa hukubali kikao kwa sababu wamesukumwa na ndugu, hawafanyi zoezi lolote, na nafuu ndogo ikija huihesabu kuwa bahati. Kwao mazungumzo ya mwanzo kuhusu kinachoweza kutarajiwa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kiasi cha nafuu kimepimwa kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London, alidai kwamba takriban theluthi mbili ya watu wenye matatizo ya hofu na huzuni hupata nafuu ndani ya miaka miwili, wakitibiwa au wasitibiwe. Hesabu zake zilikosolewa sana baadaye, lakini swali lake lilibaki, nalo lilikuwa swali zuri: nafuu anayoipata mgonjwa, kiasi gani kimeletwa na tiba, na kiasi gani kingekuja chenyewe? Tangu hapo utafiti wa maana hulinganisha waliotibiwa na ambao hawajatibiwa. Mwaka 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass wa Marekani walijumlisha tafiti 375, wakakuta mgonjwa wa kawaida aliyetibiwa alikuwa na hali nzuri kuliko robo tatu ya wale ambao hawakutibiwa. Mwaka 1986 Kenneth Howard na wenzake walitazama idadi ya vikao. Baada ya vikao 8, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na nafuu inayopimika. Baada ya vikao 26, robo tatu. Kwa kikao kimoja kwa wiki, vikao 8 ni miezi miwili, na vikao 26 ni nusu mwaka.

Takwimu za karibuni zaidi kuhusu sonona zinapoza shauku kidogo. Pim Cuijpers wa Uholanzi na wenzake walichambua mwaka 2021 majaribio zaidi ya 200, wakakuta kwamba baada ya miezi miwili hivi dalili zilikuwa zimepungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 41 ya waliopata tiba ya mazungumzo, na kwa asilimia 17 ya waliopata huduma ya kawaida. Maana yake ni hii. Katika kila wagonjwa 100 wanaoanza tiba, 41 watakuwa wamefika mbali ndani ya miezi miwili. 17 kati yao pengine wangefika hata bila tiba hiyo. Na 59 watakuwa hawajafika huko bado. Baadhi ya hao 59 wamepata nafuu ndogo, baadhi watafika wakiendelea, na baadhi wanahitaji kitu kingine. Mgonjwa ambaye miezi miwili imempita bila mabadiliko makubwa hana sababu ya kujiona ameshindwa. Yuko katika kundi lililo kubwa.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, tena wenye thamani, kwa sababu tiba ilitolewa na watu wa kawaida waliofunzwa katika mazingira yanayofanana na ya vijiji vya Meru. Jaribio linalojulikana zaidi lilifanyika Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, maeneo yaliyoumizwa vibaya na Ukimwi, na matokeo yake yalitolewa na Paul Bolton na wenzake mwaka 2003. Nusu ya vijiji ilipewa tiba ya vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kikao cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Mazungumzo yalihusu misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwanzoni asilimia 86 ya waliopata tiba walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7.

Namba ya kwanza ndiyo hutangazwa. Ya pili ina funzo zaidi kwa mwenye kutaka kujua atarajie nini, kwani karibu watu 40 katika kila 100 walitoka katika sonona bila vikao vyovyote. Huenda muda, majirani, mavuno na ibada vilifanya kazi yao. Tiba ilikuja juu ya hapo, ikawafikia wengi ambao muda peke yake haukuwafikia. Watafiti hawakuishia kwenye dalili. Walipima pia kama watu wameweza kurudia kazi wanazozithamini wenyewe, kwa orodha iliyotengenezwa hapo hapo vijijini. Miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Karibu zaidi na Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, kuna jaribio la Moshi. Jaribio hilo lilihusu watoto wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliobaki na kiwewe: ndoto za kutisha, kukwepa chochote kinachowakumbusha marehemu, kushtuka ovyo. Lilifanyika Moshi mjini na vijijini, na pia Bungoma nchini Kenya, likiongozwa na Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao wa Tanzania na Kenya, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Watoto walikuwa 640, wasichana nusu na wavulana nusu. Washauri hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa jamii waliofunzwa na kusimamiwa. Watoto walikutana katika vikundi kwa vikao 12, na kila mmoja alipata vikao vichache vya peke yake ambamo alisimulia kifo cha mzazi wake hatua kwa hatua. Walezi, wengi wao bibi, shangazi na wajomba, walikuwa na kikundi chao, kwa sababu mtoto akirudi nyumbani penye amri ya kutolitaja jina la marehemu, kazi ya kikao huvunjika jioni ile ile.

Vikao vilipokwisha, watoto wa Bungoma mjini na vijijini walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na watoto wa Moshi mjini pia walikuwa mbele, ingawa kwa tofauti ndogo zaidi. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye watoto wa Kenya waliotibiwa walikuwa bado mbele ya wenzao. Watoto wa Tanzania waliotibiwa walikuwa na hali nzuri, ila wale wa huduma za kawaida nao walikuwa wamewafikia.

Matokeo haya yanastahili kutazamwa bila kuyapamba na bila kuyadharau. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na ugumu wa maisha: pale ambapo watoto walikuwa na njaa zaidi, walezi wagonjwa na nyumba zilizovurugika, tiba iliongeza kitu ambacho mazingira hayangeweza kukitoa. Pale ambapo nyumba, shule na ukoo vilikuwa imara zaidi, watoto wengi walipona kwa kadiri siku zilivyokwenda, na tiba ilichofanya Moshi mjini ni kuwahisha nafuu. Kuwahisha nafuu si jambo dogo kwa mtoto wa miaka 10. Muhula mmoja wa shule bila ndoto za kutisha unaweza kuamua kama atafaulu au atabaki nyuma. Hata hivyo mlezi wa Usa River au Tengeru anayeuliza kama mjukuu wake atabaki ameharibika maisha yake yote asipopata vikao, ana haki ya kujibiwa kwa ukweli uliopatikana jirani yake: huenda atapona pia, ilimradi alelewe vizuri, aruhusiwe kuzungumza, na aangaliwe ili asipopona aletwe.

Jambo hilo linaigusa Arusha kwa namna ya pekee. Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, na siku mbili baadaye mji mzima ulikusanyika katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga. Msiba wa aina hiyo huacha huzuni katika mamia ya nyumba, lakini huzuni si ugonjwa, na wafiwa wengi hawahitaji mtaalamu. Wanahitaji watu. Wachache ambao baada ya mwaka mzima huzuni yao haijapungua hata kidogo, ambao hawawezi kufanya kazi wala kulea watoto waliobaki, ndio ambao tiba imeonekana kuwasaidia. Kuwapeleka wafiwa wote kwenye vikao wiki ya kwanza ni kupoteza wataalamu wachache waliopo.

Kiwewe cha vita na mateso kina hesabu nyingine. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake walitoa mwaka 2004 matokeo ya tiba ya kusimulia maisha kwa wakimbizi wa Sudan, vikao vinne tu. Mwaka mmoja baadaye asilimia 29 ya waliopata tiba hiyo walikuwa bado na kiwewe cha kiwango cha ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 79 ya waliopata ushauri wa kawaida. Kikundi kilikuwa kidogo, watu 43, na ni vyema kukumbuka kwamba hata katika matokeo mazuri namna hiyo, karibu watatu katika kila kumi hawakupona.

Si kila kusimulia ni tiba. Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Katika vyumba vya jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa (AICC) mashahidi walioitwa kwa herufi badala ya majina walieleza mambo mazito kupita kiasi, na ushahidi wao ndio uliowezesha hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Haki hiyo ni kubwa. Ila shahidi anayehojiwa na wakili wa upande wa pili hasimulii kwa mwendo wake, wala hapewi nafasi ya kutulia na kurudia mpaka kumbukumbu ipoteze makali. Nchini Rwanda kwenyewe, utafiti wa Karen Brounéus uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta waliotoa ushahidi katika gacaca, mahakama za kijamii za huko, wakiwa na sonona na kiwewe zaidi kuliko ambao hawakutoa. Kwa hiyo aliyesema yote mahakamani, kanisani au mbele ya kamera, na bado halali usiku, asidhaniwe kuwa mtu asiyetibika. Tiba yenyewe bado hajaipata.

Ndani ya tiba, nafuu haiji kwa mstari ulionyooka. Howard na wenzake waliona mwaka 1993 kwamba mara nyingi hupita hatua tatu. Kwanza hurudi tumaini, na hii huweza kutokea katika vikao viwili vitatu vya mwanzo: mtu amesikilizwa, amejua shida yake ina jina na wengine wameipata. Kisha dalili huanza kupungua. Mwisho kabisa hubadilika maisha yenyewe, yaani kazi, ndoa, mahusiano na ndugu, na hapo huenda ikachukua miezi mingi. Kupishana kwa hatua hizi huleta malalamiko ambayo kila mshauri ameyasikia: mgonjwa anasema anajisikia vizuri, na mumewe anasema haoni mabadiliko. Wote wawili husema kweli.

Kuna pia wiki za kuzidiwa. Mtu anayeanza kuzungumzia ubakaji au kifo ambacho amekikwepa kwa miaka huweza kulala vibaya kwa siku kadhaa baada ya kikao. Akiwa ameonywa mapema, huvumilia. Asipoonywa, haonekani tena. Kwa upande mwingine, tafiti za Tony Tang na Robert DeRubeis mwaka 1999 zilionyesha kwamba baadhi ya wenye sonona hupata nafuu kubwa ghafla kati ya kikao kimoja na kinachofuata, na mara nyingi nafuu hiyo hudumu. Mshauri hana sababu ya kuitilia shaka kwa kuwa tu imekuja haraka.

Chombo kinachosaidia kuona mwendo huu ni karatasi moja ya maswali tisa iitwayo PHQ-9, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili na imewahi kupimwa Tanzania. Huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa raha, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona hufai, kushindwa kuweka mawazo pamoja, uzito au mahangaiko ya mwili, na mawazo ya kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Alama 10 na kuendelea huashiria sonona inayohitaji hatua. Kushuka kwa alama 5 ni mabadiliko ya kweli. Chini ya 5 ni kupona. Asiyejua kusoma husomewa.

Mfano wa kubuni utaonyesha inavyotumika. Mama mmoja muuza mboga wa soko la Tengeru anaanza na alama 18. Wiki ya pili ana 17. Wiki ya tatu amepanda hadi 19, kwa sababu mashemeji wamelianzisha tena shauri la shamba la marehemu mumewe. Kwa macho ya kawaida tiba imeshindwa, na jirani aliyemsindikiza anasema hivyo. Lakini karatasi ikitazamwa swali kwa swali, usingizi umeshuka kutoka 3 hadi 1. Kilichopanda ni mahangaiko na kujiona hafai. Mshauri anaacha kuzungumzia usingizi, vikao viwili vinahusu shamba, na mama anapelekwa kwa msaada wa kisheria. Wiki ya nne ana 15, wiki ya sita 12. Ameanza kurudi sokoni siku za Jumamosi tu. Jumatano, siku nyingine ya soko, bado inamshinda. Wiki ya nane ana 9, nusu ya alipoanzia. Swali la kujiona hafai ndilo la mwisho kusogea. Kama wangemwuliza kwa jumla tu, "unajisikiaje?", angejibu kama wanavyojibu wengi, kwamba anamshukuru Mungu, na hakuna ambaye angejua lolote. Swali la tisa halisubiri jumla: anayejibu kwamba amewaza kufa huulizwa zaidi siku hiyo hiyo, na akiwa na mpango wa kujidhuru haachwi arudi nyumbani peke yake.

Karatasi hiyo ndiyo inayoipa subira tarehe. Kikao cha sita hadi cha nane ni mahali pazuri pa kusimama na kuhesabu. Pasipo na mabadiliko, hatua ya kwanza ni kuchunguza kabla ya kumlaumu yeyote. Upungufu wa damu, tezi la shingo, virusi vya Ukimwi na pombe huweza kuleta au kukomaza dalili zinazofanana na sonona, na gongo inayonywewa kila jioni huharibu kazi ya wiki nzima. Mwanamke anayepigwa nyumbani hawezi kutarajiwa kupona hofu ambayo kila usiku ina sababu. Yeye huhitaji usalama kwanza, kwa ndugu, kwa ofisa ustawi wa jamii au katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwenye kusikia sauti au mwenye furaha na hasira zilizovuka mipaka huhitaji dawa, na mazungumzo humsaidia kuishi na ugonjwa huo na kutoacha dawa. Mwenye sonona kali huenda akafaidika na vyote viwili pamoja.

Wapo pia ambao hali yao huzidi kuwa mbaya wakiwa katika tiba. Michael Lambert wa Marekani, aliyelifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, amekadiria kuwa ni asilimia 5 hadi 10 ya watu wazima. Ameonyesha pia kwamba wataalamu, wakitegemea hisia zao, hushindwa kuwatambua wengi wa hao, na kwamba kumpa mtaalamu alama za mgonjwa kila wiki hupunguza idadi yao. Mshauri anayekataa kupima kwa kuamini jicho lake anamweka mgonjwa hatarini. Kubadili njia, au kumpeleka mgonjwa kwa mshauri mwingine, si aibu kwa upande wowote.

Aina ya shida hubadilisha hesabu. Hofu ya kitu kimoja, kama kupanda daladala baada ya ajali, huweza kuisha kwa vikao vichache vya kuikabili hatua kwa hatua. Shida za maisha zilizochanganyika na huzuni hupungua kwa njia fupi: jijini Nairobi, wanawake 421 walioishi katika mazingira ya ukatili walihusishwa katika jaribio la vikao vitano vilivyotolewa na wahudumu wa afya wa jamii, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya wastani. Mtu aliyeumizwa na waliomlea tangu utotoni huanza kwa kujifunza kumwamini mshauri, na hilo peke yake laweza kumaliza miezi. Ulevi hurudi mara nyingi kabla ya kuachika.

Nafuu haiwezi kuja kwa asiyefika. Uchambuzi wa Joshua Swift na Roger Greenberg wa mwaka 2012 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja katika watano huacha tiba kabla ya wakati, na tafiti hizo nyingi ni za nchi zenye barabara na usafiri wa uhakika. Katika miteremko ya Meru wakati wa masika njia huwa matope na bodaboda hupandisha bei. Wakati wa kuvuna mahindi hakuna anayebaki huru. Mpango wa vikao vya kila wiki usiojali msimu umeandaliwa ushindwe. Vikao vya kila wiki mbili, vikundi vinavyokutana siku ya gulio karibu na soko, au simu katikati ya mwezi huokoa wagonjwa ambao wangehesabiwa kuwa wakaidi. Ndugu nao waelezwe, kwa idhini ya mgonjwa, watarajie nini na lini, maana wao ndio wanaolipa nauli, na wao ndio wanaoamua kama fedha hiyo imepotea.

Kupata nafuu hakufanani na kumaliza tiba. Wengi huacha mara dalili zinapopungua, kama wagonjwa wa kifua kikuu ambao madaktari wa hospitali ya Kibong'oto huwasihi miaka yote wamalize miezi sita ya dawa ingawa kikohozi kimekoma. Sonona hurudi kwa sehemu kubwa ya waliowahi kuugua, hasa waliougua zaidi ya mara moja, na hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeacha akiwa na dalili zilizobaki. Kwa hiyo vikao vya mwisho huachanishwa, kutoka kila wiki hadi kila mwezi. Kurudi kwa dalili kunapangiwa kabla hakujatokea: mgonjwa na mshauri huandika dalili tatu au nne zilizomtangulia safari iliyopita, kama vile kuamka saa tisa usiku, kuacha kupokea simu, kuacha kwenda kanisani au msikitini, pamoja na zoezi lililomsaidia zaidi na mahali pa kwenda. Nakala moja hubaki kwenye faili, nyingine mgonjwa huenda nayo nyumbani, na ndugu mmoja anayeaminika huonyeshwa ilipo. Akirudi baada ya mwaka na dalili zile zile, huenda akahitaji vikao vichache kuliko mara ya kwanza, kwani sehemu ya kazi amekwisha kuifanya.